TUNAMJIBU NDUGU ALIYEBANDUA KARATASI



Karatasi ya mwezi uliopita iliyobandikwa hapa kwenye ukuta wa ghala haikumaliza siku tatu. Ilibanduliwa usiku. Asije mtu akasema ni mvua, maana mvua haichagui. Karatasi ya bei ya mbolea imebaki, ya chanjo ya kuku imebaki, imeondoka ile ya Deni la Taifa peke yake. Basi tumeandika tena, kwa kalamu nene zaidi, na gundi ya unga safari hii tumeipika nzito.

Aliyebandua tunamfahamu, naye anajua kwamba tunamfahamu. Jina lake hatuliandiki. Ukuta huu ni wa kuelimishana, siyo wa kuumbuana. Lakini maneno aliyoyasema Jumapili kwenye kilabu cha komoni, mbele ya watu wazima na akili zao, hayo lazima tuyajibu. Alisema hivi: Deni la Taifa ni mambo ya wakubwa wa Dodoma, mkulima wa Majengo na trilioni wapi na wapi, katibu aende akalime. Tena akaongeza kwamba katibu wa tawi akiandika habari hizi anakichafua Chama.

Hilo la kulima halina ugomvi. Palizi ya pili tumemaliza, yeye bado. Tuingie kwenye hilo la trilioni.

Darasa letu la kisomo cha jioni linajulikana. Wengi wetu tulijua kusoma ukubwani, wengine tukiwa tayari na wajukuu, na hatuoni aibu. Sasa wiki ile tulikuwa katika somo la hesabu, tukaamua badala ya kujumlisha maembe na machungwa kama watoto, tuandike ubaoni hesabu ya watu wazima. Tukachukua takwimu ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, yaani CAG, ambaye ripoti zake hutoka kwa Kiswahili pia, kwa hiyo hakuna wa kutuambia kwamba hatukuelewa lugha. CAG ameandika kuwa hadi tarehe 30 Juni 2024 deni la Serikali lilikuwa shilingi trilioni 97.35. Mwaka mmoja nyuma lilikuwa trilioni 82.25. Na mwaka mmoja nyuma ya hapo, trilioni 71.31. Hesabu ni za kwake, sisi tumenakili tu.

Tukaiandika kwa tarakimu zote: 97,350,000,000,000. Tarakimu kumi na nne. Mama mmoja wa darasa aliyekwenda ubaoni kuzihesabu kwa fimbo alirudia mara mbili, halafu akasema hii siyo namba, hii ni msafara wa siafu. Watu wakacheka. Tukawaambia wasicheke bado, tugawanye kwanza. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika nchi nzima. Tukagawanya. Ilituchukua jioni mbili, maana kugawanya kwa namba kubwa ni kazi, na chaki siku hizi ni laini kama jivu. Jibu likawa kwamba kila mtu, mkubwa na mdogo, fungu lake katika deni lile ni shilingi 1,576,000 na ushee. Nyumba ya watu sita ni zaidi ya milioni tisa na laki nne. Mtoto aliyezaliwa usiku wa kuamkia jana hapo kwa jirani amelikuta fungu lake linamngoja kabla hajapewa jina.

Hapo hakuna aliyecheka tena. Kila mmoja akaanza kupiga kimya kimya ni magunia mangapi kwa bei aliyouzia msimu uliopita.

Sasa ndugu yetu atasema, mbona hakuna aliyekuja kunigongea mlango kunidai? Ni kweli, deni hili halina mgambo. Linadaiwa kwa njia nyingine. Ukinunua sabuni umelipa. Ukinunua sukari umelipa. Mwenye mashine ya kusaga akinunua dizeli amelipa yeye, halafu anakurudishia wewe katika bei ya debe. Na linadaiwa kwa njia ya pili iliyo mbaya zaidi, nayo ni ile ya kukosa. Fedha iliyokwenda kulipa riba haiwezi kurudi kununua dawa ya zahanati. Mgonjwa anaandikiwa karatasi akanunue mwenyewe dukani, na yeye hajui kwamba siku ile amelipa sehemu ya Deni la Taifa.

Kuna neno wanalipenda sana huko juu, nalo ni "himilivu". Kila mwaka tunaambiwa tusiwe na wasiwasi, deni ni himilivu. Tulikaa nalo neno hili darasani. Kuhimili ni kubeba mzigo bila kuanguka. Nguzo inahimili paa. Haya, kama deni ndilo paa, nguzo ni nani? Wataalamu wakipima, wanapima kama nchi itaweza kulipa. Hawapimi nani atakosa nini ili ilipe. Hicho kipimo cha pili ni chetu sisi, na hakuna atakayetupimia.

Tusieleweke vibaya. Hatupingi mkopo. Mkulima asiyekopa mbolea mwezi wa Novemba anavuna majani. Serikali ikikopa ikajenga, tunaona. Mwaka 2021 Shirika la Fedha la Kimataifa lilitoa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 wakati wa UVIKO, yakajengwa madarasa 15,000 nchini, na watoto wakaacha kusomea chini ya miti. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni megawati 2,115. Kazi hizo tunazipongeza, na anayezibeza ni mchochezi tu. Lakini kila mtu hapa anamjua mtu aliyekopa ya mbolea akachezea ngoma. Mkopo ulikuwa uleule, benki ileile, riba ileile. Tofauti ni kwamba mmoja alipofika mwezi wa Julai alikuwa na magunia, mwingine alikuwa na picha za harusi.

Na Taifa letu nalo limewahi kucheza ngoma kwa mkopo. Hatusemi umbea, tunasema yaliyopita mahakamani na kwenye ukaguzi.

Rada. Mwaka 2001 nchi yetu ilinunua rada kwa kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kwa pauni milioni 28, kwa mkopo wa benki ya Barclays. Benki ya Dunia ilisema ni ghali mno. Hata ndani ya serikali ya Uingereza yenyewe, waziri wao Clare Short alipinga. Ikanunuliwa tu. Baadaye ikagundulika kwamba karibu dola milioni 12 zilipita mkononi kwa wakala. Mwaka 2010 BAE ilikiri mahakamani huko London kosa la kutoweka vizuri kumbukumbu za hesabu zake, na mwaka 2012 pauni milioni 29.5 zikarudi kwa Watanzania, zikapangiwa vitabu na madawati ya shule za msingi. Angalia hapo, ndugu. Kilichorudi kilizidi bei ya rada. Lakini hakikurudi chenyewe kama ng'ombe anayejua zizi. Kilirudi kwa sababu kulikuwa na watu, huku na kule, waliokataa kunyamaza miaka kumi.

Hati fungani. Mwaka 2013 Serikali ilikopa dola milioni 600 kupitia Standard Bank na tawi lao la Stanbic hapa nchini. Ada ya kuitafutia Serikali mkopo huo ilikuwa iwe asilimia 1.4, ikapandishwa ikawa 2.4. Ile asilimia moja iliyoongezwa ni dola milioni 6, na ilikwenda kwa kampuni moja ya Dar es Salaam ambayo mwenyekiti wake wakati huo alikuwa Kamishna Mkuu wa Mamlaka ya Mapato. Yaani mkusanya kodi! Novemba 2015 mahakama ya London ikaamuru benki irudishe dola milioni 6 pamoja na riba yake. Ni London tena. Mbona uchafu wetu lazima ufagiliwe na watu wa mbali?

Lakini ile ya EPA ndiyo inayotuuma sisi wa Ruvuma, maana ilitoka katika jasho la wazee wetu wenyewe. Wenye umri wanakumbuka miaka ya mwisho ya sabini na miaka ya themanini. Vita ya Kagera imeisha, mafuta yamepanda, dukani hakuna sabuni, hakuna khanga, chumvi ya foleni. Wafanyabiashara walioagiza vitu nje walilipa shilingi zao benki, lakini Taifa halikuwa na fedha za kigeni za kuwalipa waliouza. Deni likalala. Ndiyo hiyo iliyoitwa akaunti ya madeni ya nje, EPA, ikaja kutunzwa Benki Kuu. Na fedha za kigeni za nchi hii zilikuwa zinatoka wapi? Zilikuwa kwenye kahawa ya Mbinga na tumbaku ya Songea, na pamba na korosho za wenzetu. Baba zetu walikausha tumbaku usiku, macho mekundu kwa moshi, wakaambiwa wavumilie, Taifa linadaiwa. Wakavumilia.

Sasa sikilizeni mwisho wake. Ukaguzi wa hesabu za mwaka 2005/2006 ulikuta kwamba shilingi bilioni 133 zimetolewa katika akaunti hiyo kwa makampuni 22 isivyo halali, mengine kwa nyaraka za kughushi. Deni walilolivumilia baba zetu kwa miaka ishirini liligeuzwa shamba la watu. Januari 2008 Gavana wa Benki Kuu akaondolewa. Zamani tulifundishwa kumchora mnyonyaji na mirija, na vijana wa sasa wakiona picha ile wanacheka, wanasema ni mambo ya kale. Basi tunawauliza, hiyo bilioni 133 ilinyonywa kwa nini, kwa kijiko?

Tunarudi kwa ndugu yetu na shtaka lake la pili, kwamba kusema ni kukichafua Chama.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lenyewe lilionya kwamba kutegemea mikopo na misaada ya nje ni kuuweka uhuru rehani. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataa kiongozi mwenye majivuno na anasa. Mwalimu alipokuwa akizibana koo na Shirika la Fedha miaka ile, aliuliza mbele ya dunia kama tuwanyime watoto chakula ili tulipe madeni. Hayo yote ni maneno ya Chama. Kama sisi tunakichafua, na hao walikichafua.

Ni kweli kwamba anayesema haachwi hivi hivi. Desemba 2021 marehemu Job Ndugai, akiwa Spika wa Bunge, alisimama kwao Dodoma akahoji kukopa kwetu, akasema deni limefika trilioni 70 na nchi isije ikapigwa mnada. Tarehe 3 Januari 2022 akaomba radhi. Tarehe 6 akajiuzulu. Wengine walisema alikuwa na yake moyoni, na sisi hatuna mizani ya kupima moyo wa mtu. Tunachojua ni kwamba swali lilikuwa zuri, na lilizikwa pamoja na kiti chake. Spika akiuliza anaondoka. Je, mkulima? Ndiyo maana tunasema asiulize mmoja. Tuulize wote.

Na hapa Songea tuna sababu yetu ya woga, tusifichane. Wazee wanalijua jina la Litowa. Miaka ya sitini vijiji vya Umoja wa Maendeleo Ruvuma, Litowa ikiwa mama yao, vilijiendesha vyenyewe. Walikuwa na mashine ya kusaga, kiwanda cha mbao, shule yao, na fedha zao walizipangia wenyewe katika mikutano yao. Wanakijiji walisimama wakamuuliza kiongozi yeyote, hata mgeni kutoka wilayani. Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikauvunja umoja ule, na mali yake ikachukuliwa. Chama kilikosea. Tunaliandika hili tukiwa uongozi wa tawi, na mkono hautetemeki. Tangu siku ile mtu wa huku amejifunza kuitikia "ndiyo mzee" halafu akanung'unikia kilabuni. Kunung'unikia kilabuni hakujawahi kurudisha hata senti.

Kusema kumerudisha. Mbali na rada, wakumbukeni wale walioimba duniani kote mwishoni mwa miaka ya tisini kwamba madeni ya nchi maskini yafutwe ifikapo mwaka 2000. Mei 1998 watu kama 70,000 walishikana mikono kuzunguka katikati ya mji wa Birmingham, Uingereza, wakati wa mkutano wa wakubwa wa dunia. Makanisa yalikuwemo, na vyama vya hapa kwetu vilikuwemo katika kampeni ile. Novemba 2001 Tanzania ikasamehewa sehemu kubwa ya madeni yake. Ada ya shule ya msingi ikafutwa, na mwaka 2002 ikaanza MMEM. Mwenye mtoto aliyeanza darasa la kwanza miaka ile bila ada, amshukuru mtu asiyemjua aliyesimama barabarani huko mbali.

Na tozo za simu je, mmesahau? Julai 2021 zilianza, ukimtumia mama yako elfu kumi unakatwa hadi uchungu. Watu walipiga kelele nchi nzima, sokoni, redioni, kwenye daladala. Septemba mwaka huo huo zikapunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka uliofuata zikapunguzwa tena, nyingine zikafutwa kabisa, na Waziri wa Fedha akasema pengo litazibwa kwa kubana matumizi ya Serikali yenyewe, yakiwemo ya semina na safari. Kumbe semina zilikuwa zinabanika! Ilibidi tulie kwanza.

Wenzetu Kenya walichelewa kusikilizwa. Juni 2024 ulipoletwa Muswada wa Fedha wenye kodi mpya, deni likiwa limewakaba, vijana waliingia barabarani na tarehe 25 wakaingia hadi bungeni. Watu wakauawa. Kesho yake Rais Ruto akakataa kuusaini muswada. Hatutaki mtoto wa mtu afe ndipo hesabu isomwe. Tunataka isomwe mapema, watu wakiwa wamekaa kwenye viti.

Sasa twende kwenye shina la ugomvi, maana ndugu yetu hakubandua karatasi kwa ajili ya London wala Nairobi. Aliibandua kwa sababu ya mistari minne ya chini, iliyohusu ushirika wetu.

Sheria ya Vyama vya Ushirika Namba 6 ya mwaka 2013 inasema ukomo wa madeni wa chama unapitishwa na mkutano mkuu, kisha unaidhinishwa na Mrajis. Yaani bodi haikopi senti kupita pale tuliponyoosha mikono. Ni haki ambayo hata Mbunge hana kwa mikopo ya Taifa. Bunge linapitisha bajeti na jumla yake, lakini Sheria ya Mikopo, Dhamana na Misaada ya mwaka 1974 imempa Waziri wa Fedha mamlaka ya kukopa, na mkataba mmoja mmoja haupiti mezani kwa mwakilishi wako. Sisi hapa ghalani tuna nguvu kuliko wao, na tunaitumia kusinzia!

Bodi inataka Jumamosi ijayo tuongeze ukomo wa madeni. Limeandikwa kwa lugha tamu, "kuimarisha usafiri wa chama". Maana yake ni pikapu ya bodi. Ndugu wanachama, inueni macho muone paa la ghala hili mnaposoma. Mabati matatu yamefumuka upande wa mashariki, na msimu uliopita magunia yaliyolala chini yake yaliota kama kitalu. Mizani ya pili ni mbovu tangu mwaka juzi, mkulima anapanga mstari hadi jioni. Mapato na matumizi ya robo iliyopita hayajasomwa. Na tunaombwa tukope gari. Mtatuambia ni lipi hapo linatofautiana na rada, isipokuwa ukubwa?

Hatusemi wajumbe wa bodi ni wezi. Hilo hatuna ushahidi nalo na hatulisemi. Tunasema kabla ya mkono kunyooshwa kuna maswali: fedha ya nini, riba kiasi gani, nani atatia saini, dhamana ni kitu gani, na msimu ukiharibika nani atalipa. Hilo la dhamana lishikeni kwa meno, maana tumesikia dhamana ni ghala lenyewe. Na anayejibu ajibu kwa karatasi, siyo kwa hotuba. Mwenye stakabadhi zake za msimu uliopita aje nazo. Akina mama mje, msiseme mtaambiwa na waume zenu, maana magunia mlibeba nyinyi.

Mtu akizoea kuuliza maswali haya matano ghalani, hatayaogopa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa sheria unapaswa kuitishwa kila miezi mitatu. Wala hatamwogopa Mbunge akija kuomba kura. Ripoti ya CAG hutoka kila mwaka, na tumepanga darasa la kisomo liisome ubaoni ukurasa kwa ukurasa, hasa pale palipoandikwa habari za halmashauri yetu.

Mkutano ni Jumamosi, saa nne kamili asubuhi, hapa hapa ghalani. Atakayechelewa atakuta akidi imetimia na mikono imeshanyooshwa.

Ndugu yetu naye tunamkaribisha. Asimame aseme kwa mdomo alichokisema kwa kucha. Na akiamua kubandua hii pia, nakala tatu zipo darasani, na yule mama wa msafara wa siafu ameshaisoma mara nne, anaijua kwa moyo.

Katibu wa Tawi, kwa niaba ya darasa la kisomo cha jioni
Majengo, Songea